Kibuyu Nilichokiosha

Jumatatu, 3 Februari 2025
Nimejiandikisha kujitolea kwa ile nyumba ya wagonjwa hapa Kiplombe. Sista Bridgit, anayeisimamia, alinipa fomu: weka tiki kwa kazi moja inayokufaa. Moja? Mimi Gathogo, niliyeendesha trela miaka ishirini na sita, Mombasa mpaka Juba, mpaka Goma? Nimetiki zote. Isipokuwa ya mwisho – kukaa na wanaokaribia kwenda. Hiyo nimeiruka. Mke wangu Warigia alilala hapa wiki tatu za mwisho mwaka juzi, mimi niko Nimule nangoja karatasi za mpaka. Wengine ndio walikaa naye. Kwa hivyo nimekuja. Si kulia. Nimeleta mikono.

Jumatano, 5 Februari
Asubuhi – kuchangamsha wagonjwa. Niliwapa ile hadithi ya askari wa Malaba na mbuzi. Mama mmoja mwenye kidonda cha tumbo alicheka mpaka akalia kwa uchungu. Sista akaniita kando. Eti mdomo wangu ni mzuri, lakini upumzike kidogo.
Nikapelekwa shambani. Niking'oa magugu, nikang'oa na managu, mboga yao. Dereva anajua managu ikiwa kwa sahani.
Kesho jikoni.

Alhamisi, 6 Februari
Mpishi ni Mideva. Aliniangalia mara moja akasema, "Baba, wewe osha vyombo. Chakula niachie."
Nikaosha. Sufuria unajiona sura! Kwa rafu nikakuta kibuyu, ndani cheusi tititi, kinanuka moshi. Nikasema hawa watu wamezembea. Maji moto, sabuni ya unga, waya ya kusugulia nimeifunga kwa kijiti. Mara tatu. Nikakianika juani.
Saa sita Mideva akakiona. Akakaa juu ya gunia la viazi.
"Baba, umefanya nini? Hiyo ni ya Mzee Kipngetich."
Mzee wa chumba cha pembeni, mtu wa kijiji cha Ziwa. Ana uvimbe kooni. Tangu Krismasi hamezi kitu ila mursik, maziwa lala ya Kikalenjin, na iwe imetoka kwa kibuyu hicho. Binti yake, Cherono, huleta maziwa kila wiki. Na ule weusi si uchafu. Ni mkaa wa mti, unasuguliwa ndani makusudi, ndio unalaza maziwa yakawa mursik.
Nimekunywa mursik kwa harusi mia. Sijawahi kuuliza ndani ya kibuyu kukoje.

Ijumaa, 7 Februari
Mideva alimjaribu na maziwa lala ya pakiti. Mzee akaonja, akasema, "Hii ni ya duka." Akafunga mdomo.
Nikaenda kumwambia ni mimi. Nilikuwa nimepanga utani wa kuanzia. Haukutoka.
"Uliosha na sabuni?"
"Ndiyo, Mzee."
"Mara ngapi?"
"Tatu."
Akatikisa kichwa, karibu acheke. "Mkikuyu msafi."
Hayo tu.

Jumamosi, 8 Februari
Nimeenda Ziwa mwenyewe kwa Cherono. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kile kibuyu mama yake alikuja nacho akiolewa, na mama hayuko. Miaka arobaini ya moshi, mimi nimeimaliza na kijiko kimoja cha sabuni.
Alikuwa na kingine, kidogo. Akakitia mkaa mbele yangu, polepole, nikishika mdomo wa kibuyu. Kiangazi hiki ng'ombe anatoa kikombe. Akamimina chote.
"Hii ikae siku tano. Ama sita."
Nikamuuliza kama hakuna njia ya haraka. Nimepita mipaka mingi, na kila mpaka una njia ya haraka.
"Maziwa haipokei hongo," akasema.
Atakuja Jumanne, akipata wa kuachia ng'ombe. Nimerudi na kibuyu kimefungwa kwa leso yake.

Jumapili, 9 Februari
Tangu Ijumaa Mzee hajameza. Wanamlowesha midomo na pamba. Sista ameniambia kwa sauti ya chini: siku tano hana. Mimi nikaanza kueleza juu ya mkaa, na Cherono, na Jumanne. Akaniacha nimalize. Kisha akavuta kiti kando ya kitanda cha Mzee, akanigusa bega, akaenda zake.
Basi nimekaa. Naandikia kwa goti. Sijui mtu hukaa namna gani. Nilimtolea utani mmoja, akainua kidole kimoja – nyamaza. Nikanyamaza. Warigia angelipa kiingilio aone hiyo.
Saa nne akauliza, macho yamefungwa, maziwa iko siku ya ngapi. Ni ya pili. Nikasema ya tatu.
Akataka kunusa. Nikafungua, nikamsogezea puani. Bado ni maziwa tu, hata mimi nilijua.
Saa kumi ameuliza tena. Nimesema ya nne.
Amesema, basi kesho. Nisiende mbali.