Mama, Nimetoboa Ukuta wa Jiko Lako

Mama Trufosa,

Nimetoboa ukuta wa jiko lako. Naanza na hilo kwa sababu habari mbaya hazikosi miguu, na sitaki uipate kwa mtu mwingine huko uliko. Ni ule ukuta wa upande wa migomba, ulipokuwa ukiegemeza ungo. Sasa pana dirisha. Kaa kitako kwanza nikueleze, kisha unigombeze upendavyo.

Unakumbuka uliponipokea hapa Khayega, mimi mke wa kitindamimba wako Amos, msichana wa gesi nisiyejua kuwasha hata kuni kavu? Ulinikalisha kwenye kigoda, ukainama kwenye mafiga na kupuliza kidogo kidogo, fu, fu, fu, moto ukaitika. Majirani wote walikusifu kwa pumzi hizo. Mimi nilitokwa na machozi na makamasi, nawe ukacheka ukasema mke asiyelia jikoni bado ni mgeni. Siku ile sikujua kama nitakupenda. Nilikupenda, Mama, kuliko kawaida ya mke na mama mkwe, mpaka Amos akawa analalamika kwamba amebaki peke yake.

Kikohozi chako tulikizoea kama jogoo wa jirani. Ulikohoa alfajiri, ukakohoa ukitoka mtoni, ukapewa dawa za kifua, ukapimwa makohozi, TB haikuonekana, ukapewa dawa nyingine za kifua. Kisha ukaanza kusimama njiani kabla ya kufika kanisani, ukijifanya unasalimia watu. Ulisalimia hata wale usiowapenda. Hapo ndipo nilipojua una shida.

Kule hospitali mjini, yule daktari msichana alikuuliza kama unavuta sigara. Ulijinyoosha kwenye kiti. "Mimi sivutangi sigara, daktari. Mimi ni mama wa kanisa." Akatabasamu, akauliza unapikia nini, na tangu lini. Ukamtajia kuni zako kwa majina, mikaratusi, mipera, mabua ya mahindi mvua ikizidi, tangu ukiwa msichana mdogo kwenu. Yeye hakutabasamu tena.

Akakupa ile mashine yenye mrija. Alitaka uvute hewa yote, kisha uitoe kwa nguvu mpaka iishe. Wewe ukainama ukapuliza fu, fu, fu, kana kwamba kuna kaa la moto humo ndani. Daktari akacheka, nami nikacheka, nawe ukacheka mpaka ukaishiwa na hewa. Ulipopuliza alivyotaka, pumzi ilitoka polepole kama maji ya bomba lenye kutu. Alirudia, akakupa dawa uvute, akapima tena, na pumzi ikabaki ile ile. Ndipo akatueleza kwamba moshi wa maisha yako yote umebana njia za hewa. Ni ugonjwa sugu, hauondoki, ila unatunzika: dawa ya kuvuta asubuhi na jioni, hata siku unayojisikia mzima, na kukaa mbali na moshi.

Kuhusu dawa ulitii nusu. Kuhusu moshi hukutii hata kidogo. Nilipotaja dirisha ulinitazama kama mtu aliyetukana mchungaji. "Moshi ndiyo inalindanga mbegu," ukasema. "Ikitoka, wadudu watakula nini? Si mahindi yangu?"

Na ile inhela yako ya kuvutia dawa, Mama. Niliisaka chumbani, nikaisaka kwenye mkoba wako wa kanisa, kumbe umeiweka juu ya uchaga, juu ya moto, pamoja na mahindi ya mbegu na nyama kavu. Kwako kitu cha thamani kilikaa pale, kisiharibike. Kila pumzi zilipokubana uani, ulikimbilia ndani ya moshi kufuata dawa ya moshi. Nilicheka nikashindwa kusimama. Kisha nikaishusha, ukairudisha. Nikaishusha tena, ukairudisha tena, nasi tukaendelea hivyo kama watoto wawili. Leo ningetoa chochote niikute tena pale juu, nikugombeze.

Baridi ile ilipokuja na mvua zake, ukalazwa. Uliwekewa oksijeni, na uliposhika mkono wangu uliniita binti kwa lugha yako, ukasema kwa vipande, "Mukhana... jiko yangu... isipoe." Hukuniambia neno jingine. Nililia, Mama. Hata sasa nikiandika naacha, nafuta uso, narudi.

Baada ya mazishi Amos alirudi kazini, na Senje Rasoa, wifi yako na shangazi ya Amos, akahamia kwangu ili nisibaki peke yangu. Unamjua Senje. Alishika jiko kabla sijamwonyesha mlango. Kisha asubuhi moja nikiwa kitandani nilisikia kikohozi chako. Nilikaa wima kabla sijakumbuka kwamba wewe hupo. Alikuwa yeye.

Nilimwambia twende hospitali. Akasema ni baridi tu. Nikamwambia basi tutoboe ukuta. Hapo akawaka. Aliuliza kama siwezi kungoja hata kaburi lako likauke kabla ya kuanza kubomoa nyumba yako. Alisema wewe mwenyewe ulikataa, na neno la marehemu haligeuzwi. Kwa kweli, Mama, nilikuwa kati ya maneno yako mawili, jiko lisipoe na moshi usitoke, na katikati yake kuna mtu anakohoa.

Hatukusemeshana vizuri mpaka siku kuni zilipolowa. Senje aliinama kwenye mafiga apulize. Akapuliza mara moja, akashika goti. Akajaribu tena, moto ukafuka tu. Alikaa kwenye kigoda chako.

"Hata Trufosa alianzanga hivi," akasema.

Twende basi, nikamwambia, na safari hii hakubisha. Alipuliza kwenye mashine ile ile, naye alianza na fu, fu, fu, nikageuza uso nisionekane. Ugonjwa wake ni ule ule wako, lakini ameuwahi ungali mwanzoni. Daktari alisema bado ana pumzi nyingi za kutunza. Tulirudi nyumbani, Senje akavua nguo ya safari, akaomba jembe. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kugonga ukuta, nami nikamalizia. Sasa unajua wa kugombeza ni nani.

Tulipowasha moto, moshi ulitoka kwa wingi hata jirani yetu Mama Shiko akaja mbio na ndoo ya maji, akiita watu kwamba jiko la Trufosa linaungua. Alimwagia Senje nusu ya ndoo kabla ya kuelewa. Ungekuwepo ungecheka mpaka jioni.

Inhela ya Senje inaning'inia chumbani kwake, kwenye kikapu kidogo, mbali na moto. Akimaliza kuivuta anasukutua mdomo kwa kelele kijiji kizima kisikie. Ngazi ya kanisa bado inamchosha, ila sasa anasalimia tu watu anaowapenda. Na mbegu zako usiwe na wasiwasi. Zile ulizozifukiza kwa mikono yako nimezipanda, zimeota vizuri. Za mwaka huu nimezikausha juani, nikazifungia kwenye pipa lisiloingiza hewa. Wadudu wakipita, nitakuwa nimekosea, nitakuja kaburini unikaripie.

Lala salama, Mama. Nakuahidi kwamba Senje atavuta dawa yake kila siku hata akininunia, na jiko lako halitapoa nikiwa hai. Kila asubuhi nafungua dirisha, nainama kwenye mafiga yako, napuliza ulivyonifundisha. Ulisema mke asiyelia jikoni bado ni mgeni. Moshi haunilizi tena. Nakulilia wewe, kwa hiyo usiniite mgeni.

Mukhana wako,
Jerusa