Mlezi Wangu Amepandishwa Cheo

Nyumbani kwa Bibi,
Chumba cha uani,
Jumamosi, 14 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Lile jino limeacha kukusumbua? Sisi huku tu wazima. Bibi goti linamuuma asubuhi, ila ulimi hauumwi hata kidogo, na amesema nikuandikie hivyo hivyo.

Shangazi, nimechanganyikiwa. Katika ukoo wetu ni wewe peke yako unayefanya kazi ofisini, kwa hiyo naomba unieleweshe.

Nilikuambia kwamba shule ilituchagua wanafunzi sita ambao kununua vitabu na sare hutushinda, tukapewa walezi katika kiwanda cha vioo. Kila Jumatano mlezi wangu huacha meza yake kwa saa mbili, na hulipwa kama kawaida, ili anisaidie masomo na kunionyesha kazi. Wenzake humwita Almasi, kwa sababu ulimi wake ulikuwa ukikata kuliko kisu chake cha almasi cha kukatia vioo. Mwanzoni niliogopa hata kupiga chafya mbele yake.

Siku moja alinifundisha kwamba kabla ya kukatwa, kioo huchorwa mstari mara moja tu. Ukirudia, kinapasuka kinapotaka chenyewe. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, mbona yeye hurudia. Alinitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze. Kisha akautazama mkono wake, akacheka. "Wewe mtoto! Miaka tisa hakuna aliyethubutu kuniambia."

Basi Jumatano hii nilifika mapema, nikakaa kusoma nyuma ya masanduku ya vioo. Meneja akapita na mwenye kiwanda, hawakuniona. Nikamsikia meneja akisema kwamba tangu mafundi waanze kulea wanafunzi, vioo vinavyovunjika vimepungua nusu, watu hawaachi kazi ovyo, na Almasi, aliyekuwa akigombana na kila mteja, sasa anasikiliza.

"Hawa watoto wanatufaa kuliko semina zote," akasema. "Ijumaa mmoja wao atakueleza mwenyewe. Ukiridhika, mpango uendelee, na Almasi awe msimamizi."

Sikujua nifurahi au nikasirike. Nilidhani tunasaidiwa, kumbe na sisi tunawafaidisha? Bibi nilipomweleza alinijibu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mwenyeji kapona, wewe wanunia nini?"

Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba msimamizi hana nafasi ya kulea mtu Jumatano. Na mwanafunzi aliyechaguliwa kusema Ijumaa, Shangazi, ni mimi.

Nakiri kwako tu: nilipanga kusema vibaya. Niseme Almasi bado ni mkali, asipandishwe, abaki wangu. Niliandika hata sentensi zenyewe. Jana nikasimama mbele ya meneja na mwenye kiwanda. Almasi alikuwa amekaa karibu na mlango, amevaa blauzi yake ya harusini, mikono mapajani kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Kinywa changu kikafunguka kikasema ukweli: jinsi alivyokubali kosa mbele ya mtoto, jinsi anavyonieleza hesabu ile ile mara nne bila kufoka. Nikakaa chini nikilia kama mjinga.

Amepandishwa cheo. Alinikumbatia akasema, "Umenishikia ngazi, mwanangu, halafu mimi nakuacha chini. Nisamehe." Nilimwambia hakuna neno, na neno lilikuwepo.

Kabla sijatoka, meneja akaniita pembeni. Kuna fundi mwingine, wanamwita Radi. Wanagenzi waliokuwa wakijifunza kazi kwake wote wamemkimbia. "Tunaomba huyu ndiye awe mlezi wako," akasema, kisha akashusha sauti. "Mvumilie miezi sita tu. Atanyooka."

Shangazi, hapo nani anamlea nani? Nimewaza tangu jana na sijapata jibu katika kitabu chochote. Nilisema ndiyo kabla sijaelewa. Nilipofika mlangoni nikamsikia Radi mwenyewe, kwa sauti yenye woga kuliko yangu, akimuuliza meneja: "Huyo mtoto ni mkali?"

Bibi anakusalimu sana. Nisalimie Baba Pacha na pacha wote wawili, ukianza na yule mdogo maana hulalamika. Mungu akufunike kwa heri, kazini na nyumbani.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata nikiwa sielewi kitu,

Kimya