Tumbo Lililomfelisha Marlena

Lick Fork, Kentucky
Jumapili, tarehe 7

Mdogo wangu Hobert,

Natumaini unasoma haya umekaa, maana nasikia goti lako jipya lina kiburi kuliko lile la zamani. Opal hajambo? Bado anakuficha chumvi? Huku mvua imetosha, kuku wanataga, na mimi ni mzima wa afya.

Kabla ya mengine, ujue kwamba kaka yako sasa ni mwalimu wa chuo kikuu. Nafundisha wauguzi wanaosomea shahada ya pili, na hawaingii chumbani kwangu bila kubisha hodi.

Haya, funga mdomo, usije ukameza nzi. Mimi si mwalimu. Mtu aliyeacha shule darasa la nane atamfundisha nani? Kazi yangu ni kukaa juu ya kitanda cha daktari, nimevaa gauni lililo wazi mgongoni, nikijifanya mgonjwa. Napewa karatasi ya maradhi, naikariri, kisha wanafunzi wanaingia mmoja mmoja kunihoji na kunibonyeza mpaka waseme naumwa nini. Wiki hii nina jongo, wiki ijayo nina huzuni. Siku ya huzuni nililia vizuri mpaka binti mmoja akalia na mimi, akasahau kunipima. Nyuma ya kioo kikubwa anakaa mwalimu wao, Bi Pennington, na penseli yake. Sisi hatumwoni, yeye anatuona wote, pamoja na ile sehemu ambayo gauni halifuniki.

Wanafunzi wenyewe si watoto. Ni wauguzi wa miaka mingi wanaotaka kufika ngazi ya kupima na kuandika dawa wenyewe, bila daktari kuwasimamia. Mmoja wao ni Marlena, binti wa marehemu Ervin Slone aliyekuwa akitengeneza basi la shule. Amefanya kazi ya dharura mjini miaka tisa. Tangu daktari wetu afe, zahanati ya hapa imefungwa, na mwenye kikohozi anaendesha gari saa moja na nusu. Wilaya imemwahidi Marlena ufunguo siku atakapofaulu. Mara ya kwanza alifeli, kwa kuwa alitoka kumzika baba yake akaenda moja kwa moja kwenye mtihani. Mara ya pili ndiyo ya mwisho. Ya tatu haipo.

Mara ya pili, wiki mbili zilizopita, mgonjwa nilikuwa mimi.

Karatasi yangu ilisema kiungulia baada ya kula. Marlena aliingia, akaomba radhi kwa mikono ya baridi, akaanza kunibonyeza. Alipofika juu kidogo ya kitovu akasimama. Akaweka mikono miwili, huku na huku, kama mtu anayepima upana wa mkate. Kisha akaniuliza taratibu kama kuna mtu amewahi kuniambia habari ya hiki kinachopiga humu ndani. Sheria ya kazi yetu ni moja: usitoke nje ya karatasi yako. Nikamwambia ni maharage tu na vitunguu, mwanangu. Akauliza tena, safari hii akaniita mjomba, kama tunavyoitana huku nyumbani. Nikajibu vilevile, neno kwa neno. Basi akakigeukia kioo, akasema kwa sauti kwamba mtu huyu ana mshipa mkuu wa damu uliovimba tumboni, wasimamishe mtihani waite gari la wagonjwa.

Bi Pennington akaja na karatasi mkononi. Karatasi haikuwa na mshipa. Akanigeukia mimi. Nilichomjibu nitakuandikia hapo chini, ngoja kwanza nimeze mate.

Wakamfelisha. Walisema ameuacha ugonjwa aliopewa, akabuni wa kwake na kumtisha mgonjwa. Alhamisi ya tarehe kumi na nane kamati inakaa kumfuta chuoni. Habari imeshafika huku. Jana dukani Burl alishika kitambi chake akasema anaogopa kukutana na Marlena, atamwambia ana mapacha tumboni. Watu wakacheka. Nikacheka nao, Hobert, na cheko langu ndilo lililodumu kuliko yote.

Jioni yake Marlena akaja na mkate wa mahindi. Nilidhani amekuja kunisuta. Hakuutaja mtihani hata kidogo. Alisimama barazani akanisihi nikapimwe popote, na yeyote, hata kama simwamini yeye. Nikamwambia nina haraka ya kuwalisha kuku. Kuku walikuwa pale miguuni pake wameshashiba, wanazipita punje bila kuinama. Aliwaangalia, akaniangalia, akaweka mkate juu ya ukuta wa baraza, akaondoka. Mpaka sasa sijaukata.

Sasa nimeze mate. Mshipa upo. Nimeujua miaka mitatu. Walipopiga picha ya figo zangu kule Lexington, daktari aliuona, akaniambia nirudi kila miezi sita wautazame, usije ukapasuka. Sikurudi hata mara moja. Na kila mwaka natia saini chuoni kwamba mwili wangu hauna ugonjwa. Siku ile Bi Pennington aliniuliza kama anaweza kunigusa yeye mwenyewe. Nikacheka, nikamwambia, mwalimu, binti alikuwa na wasiwasi, amesikia mapigo ya vidole vyake mwenyewe. Kosa hilo nilimsikia Bi Pennington mwenyewe akiwaonya wanafunzi, ndiyo maana aliniamini. Nilimzika Marlena kwa somo lao.

Sababu ni Lorene. Unamjua binti yangu. Tangu mama yake, Edna wangu, afariki ameniandalia chumba huko Dayton, na vyuma vya kushikilia ameshafunga bafuni. Akisikia neno mshipa tu, atanihamishia huko, nitakufa nikitazama maegesho ya magari. Nikinyamaza, kitu hiki kinabaki humu kinapiga, nakisikia kila nikilala chali, na zahanati inabaki na kufuli. Nimezunguka kama nyumbu anayezungusha kinu cha kukamua mabua ya mtama: usiku nafungwa palepale nilipoanzia asubuhi.

Alhamisi hiyo nitaingia kwa kamati bila karatasi. Nitafungua shati niwaambie waweke mikono. Najua nitatoka humo kwa gari la wagonjwa, lile aliloliomba Marlena. Kwa hiyo Lorene lazima asikie kabla.

Mwaka ule ulipouza kinanda cha mama yake Opal ukanunua gari, ulinituma mimi nikamwambie Opal. Nilisimama mlangoni pake nikamwagiwa maji ya vyombo, na wewe uliapa kwamba una deni langu. Sijawahi kulidai. Leo nalidai. Lorene anakaa mitaa mitatu kutoka kwako. Nenda Jumatano ya tarehe kumi na saba, akishakula. Anza na Marlena, ndipo ufike tumboni. Akianza habari za chumba, mwambie huku kutakuwa na mtu wa kunipima, mwendo wa dakika saba kwa miguu, na tumbo langu analijua kuliko mimi.

Msalimie Opal, uwabusu wajukuu. Na usimpigie Lorene simu. Mimi Opal sikumpigia.

Kaka yako,
Delmer