Manjano Mekundu Mkononi mwa Biarusi

Mwanamkisi, salamu baadaye, soma kwanza. Nimetoka kwa Bi Nana mchana huu.

Unajua miaka yote maharusi wa Langoni nawasugua singo mimi, manjano ya kung'arisha ngozi kabla ya ndoa. Leo Ummu, bintiye Bi Nana, kapewa Hadia amsugue! Hadia aliyekuja juzi kutoka Mkokoni! Bi Nana kaniambia usoni, "Wewe sasa mjane, utamtia nuksi; kaa utazame." Nikakaa. Nikatazama.

Hadia alikuwa akitafuna tambuu, lile jani la kupakwa chokaa. Chokaa imemjaa vidoleni, hakunawa, akachota manjano, akampaka Ummu mkono mzima. Ukawa mwekundu! Mwekundu, shoga, kama uliochunwa ngozi. Bi Nana akapiga ukelele, "Umeniunguzia mwanangu!" Hadia akaanza kulia.

Nageuza karatasi.

Mimi nilijua. Chokaa huyageuza manjano yakawa mekundu, na ndimu huyarudisha. Mara ngapi tumeyaona jikoni kwako? Na ndimu nilikuwa nayo mkononi, kama nijavyo nayo kila singo. Mkononi, Mwanamkisi! Nikaificha ndani ya buibui, nikavuta tasbihi.

Ummu akanitazama. "Bi Mkubwa, nitaolewa hivi?"

Hapo nikamwonea haya Mungu. Nikaikamua ile ndimu mkononi mwake. Wekundu ukaondoka, manjano yakarudi.

Na Bi Nana kasema nini? "Alhamdulillahi! Haya Hadia, endelea."

Endelea!

Alasiri nimeiswali mara mbili, na mara zote mbili nimejikuta natamani ile ndimu ningaliiacha ndani ya buibui. Niombee.