Kijiko Asubuhi, Kijiko Jioni

Tabora, 4 Februari 2012

Mwanangu Ernestina,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kazi ya dukani inakwenda. Huku mvua imenyesha vizuri na mahindi yamesimama. Masikio yangu sasa ni ya mapambo tu, ndiyo maana nakuandikia. Tukipigiana simu tunapigiana kelele. Simu ya mdogo wako Clara ilitumbukia kisimani, usijisumbue kuipiga.

Mimba ya Clara imeingia mwezi wa saba. Miguu imemvimba mpaka ndala hazimwingii, na kichwa kinamgonga. Yule nesi mpya wa zahanati amempima, akasema presha iko juu, aende hospitali ya mkoa alazwe. Nesi mwenyewe ni binti tu, hajazaa hata mara moja. Nimemwambia asante, tukarudi nyumbani. Mimi nilivimba miguu kwa mimba zenu zote mbili, na kijiko cha sosi nyeusi cha bibi yako kilinivusha.

Shida yangu ni moja. Sosi nyeusi ya madukani siku hizi ni maji matupu. Bibi yako, Mungu amrehemu, alitumia ile ya Waingereza, aliyoletewa na babu yako alipokuwa mpishi wa bwana mmoja wa reli. Nadhani huko Durban bado ipo. Nitafutie chupa moja iliyo nzito. Maneno ninayo, yale yale: "Damu ijengeke, moyo utulie, nguvu zirudi kwa mama na mtoto. Kijiko asubuhi, kijiko jioni, na mwili utashukuru." Nitamwekea Clara mkono kichwani na kuyasema, kama nilivyosemewa mimi.

Mama yako


Durban, 25 Februari 2012

Mama mpendwa,

Shikamoo, na milele amina. Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, usimwambie mtu. Nimecheka masikio ya mapambo mpaka Henriette, yule dada wa Bukavu ninayeishi naye hapa Albert Park, akadai nimsomee.

Chupa nimeipata. Nimepanda taxi mbili kuitafuta, na ni nzito kweli. Ukiiinamisha, sosi inafikiri kwanza kabla ya kutoka. Ninamkabidhi Gilbert, yule mfanyabiashara wa kwetu anayerudi kwa basi wiki hii. Kuhusu nesi, msimchukie bure, ingawa najua hutamsikia. Mimi mwenyewe mwaka juzi homa iliponiangusha nilijisemea maneno ya bibi, na niliamka salama. Mwambie Clara akijifungua wa kike nimechagua jina.

Mwanao Ernestina


Durban, 19 Machi 2012

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, leo siulizi hali.

Unajua duka letu hapa Berea linanunua vitu vya zamani kutoka kwenye nyumba za wazee. Leo tumeletewa kasha la mzee wa Kizungu aliyefariki, mmoja wa wale waliohama Tanganyika wakati wa uhuru. Vikombe vyake vilikuwa vimefungwa kwa magazeti, na magazeti yenyewe ni ya Kiswahili, ya mwaka 1953. Nikafurahi, nikaanza kuyasoma huku nafungua vikombe.

Ukurasa mmoja una mchoro wa mama Mwafrika kitandani na mtoto mnene, na nesi wa Kizungu amemshikia chupa. Chini yake pameandikwa hivi, nakunakilia neno kwa neno: "Sosi ya Taji Jeusi. Hujenga damu, hutuliza moyo, hurudisha nguvu kwa mama na mtoto. Kijiko asubuhi, kijiko jioni, na mwili utashukuru. Nzuri pia kwa nyama baridi."

Mama, niliketi chini pale pale katikati ya vikombe. Hayo ni maneno ya bibi. Ndiyo yale aliyokuwa akiyasema amefumba macho, na sisi watoto tukiambiwa tunyamaze. Ni tangazo la biashara. Kuna mtu alikaa ofisini akayatunga ili auze kiungo cha nyama, na sisi tumekuwa tukiyasali miaka yote hii.

Henriette alikuja kunichukua akanikuta nalia. "Dada, iko nini mbaya kwa ile gazeti?" Nikamweleza. Akasema, "Eish. Alors, ni publicité, tangazo tu? Na miye mama yangu alikuwa ananipatia sirop, dawa ya maji, na maombi juu. Sasa sijue ile maombi ilitoka wapi."

Nimesoma lebo ya chupa kama ile niliyokutumia. Ni siki, sukari, ukwaju na chumvi nyingi. Dawa haimo hata tone. Na ni mimi niliyeituma. Nimempigia Anicet, jirani yetu fundi baiskeli, nikamwomba akimbie kwako sasa hivi amchukue Clara ampeleke hospitali. Naandika huku nasubiri anijibu. Kipande cha gazeti nimekiweka ndani ya bahasha ili ukione kwa macho yako. Nakuomba, Mama, usibishane na Anicet.

Mwanao Ernestina


Tabora, 16 Aprili 2012

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua Anicet alikueleza kwa simu siku ile ile, kwamba alitukuta tumetoka makaburini. Lakini nataka uyasikie kutoka kwangu.

Chupa ilifika, na Clara nilimpa asubuhi na jioni. Siku moja aliamka akaniambia, "Mama, sikuoni vizuri." Nikampa kijiko kingine mchana, nikasema maneno. Hakukimaliza. Alianguka, akakakamaa, povu likamtoka. Majirani wakambeba. Mtoto alizaliwa hospitali, wa kiume, na hakulia. Clara alikaa siku kadhaa bila kutujua, kisha akarudiwa na fahamu, na swali lake la kwanza unalijua.

Daktari alisema wewe na mimi tusijiue kwa ajili ya sosi, si sumu. Alisema kilichomuua mtoto ni kungoja. Yule nesi alikuja mazikoni. Hakunisema hata neno, na hilo ndilo lililonimaliza.

Gazeti lako nimelisoma mpaka limechakaa. Nimeshtuka, Ernestina, na mshtuko wenyewe hauondoki, ninalala nao na kuamka nao. Bibi yako alifumba macho akisema yale maneno, na mimi nikafumba macho kama yeye. Nilimwekea mwanangu mkono kichwani nikamsomea tangazo la nyama baridi.

Sasa nikwambie la juzi. Unamkumbuka Constance, mke wa Dominiki mwashi? Ni mjamzito. Alikuja kuomba kijiko, kama wanawake wote wa mtaa huu wanavyokuja kwangu tangu bibi yako afariki. Nikamwambia chupa imekwisha. Akasema, "Usijali, Mama, sosi nitanunua mwenyewe. Maneno nayajua, ulinifundisha kwenye mimba ya kwanza." Akaondoka.

Nilisimama mlangoni, aibu imenishika. Kisha nikamkimbilia bila viatu, nikamrudisha, nikamsomea gazeti lote. Alicheka, akidhani namtania. Akasema, "Lakini Mama, kwangu kijiko si kilifanya kazi?"

Nikamshika mkono nikamwingiza chumbani kwa Clara. Mdogo wako alikuwa amekaa kitandani anakamua maziwa yake kwenye kikombe, kwa sababu bado yanajaa na yanamuuma, na hana wa kumpa. Hakutazama juu.

Constance aliacha kucheka. Tulikwenda zahanati mchana ule ule, mimi na yeye.

Mama yako