Masini ya Visa na Bidole Yangu

Siku ya kazi moja, tarehe 7 mwezi wa 7

Nimepiga matafari mia tatu mbele ya jua kuwa kali. Hapa Kamina hakuna muntu mwingine wa miaka yangu anafikisha ile. Nusu ya nyumba za mji ni mikono yangu. Nilinawa, nikafungua sakado, ule mufuko wa kubeba kwa mugongo, nikaifunga tena. Pasporti mbili ziko ndani, yangu na ya bibi yangu, Mama Ngoie. Tulizipata wakati wa mvula. Visa ya Malawi imeingia tayari. Inabakia ya Zambia, juu ya kupita.

Mama Ngoie ni muzaliwa wa Sanga, pa ziwa Kisale. Wakati nilimuoa nilimwambia: nitakuonyesha maji kubwa kupita ile yenu, ziwa ya Malawi. Miaka makumi ine sasa. Minyi sisemake bure.

Kazi ine, tarehe 17 mwezi wa 7. Lubumbashi

Ofisi ya visa. Mama Ngoie aliweka bidole pa kioo ya masini. Taa ya kijani, yote kumi. Minyi: nyekundu. Tena nyekundu.

Mama wa masini aliuliza: "Papa, unatumikaka kazi gani?"

Matafari, nikasema. Hata hii ofisi ningeijenga vizuri kupita.

"Njo ile. Udongo imekula bidole yako. Mistari imeisha."

Nikasema masini ya pasporti iliona bidole yangu. Akasema ilikuwa mvula, nilikuwa ninapumzika. Nisiguse udongo wiki saba, nipakae mafuta, nirudie.

Bibi yangu alipata visa yake palepale. Lazima aingie Zambia mbele ya tarehe 12 mwezi wa 9, ao visa inakufa. Nilisikia aibu. Yeye anayo, minyi sina.

Siku ya Mungu, tarehe 20 mwezi wa 7

Nyumbani. Mama Ngoie amechukua kibao changu cha kupigia matafari, amekificha.

"Ni udongo ao ni ziwa, Baba Ngoie. Chagua."

Nikamwambia mwanaume hachaguzishwi.

"Sawa. Nitaenda peke yangu na sakado yako."

Alicheka kidogo tu. Sikupenda.

Kazi mbili, tarehe 5 mwezi wa 8

Mafuta ya mawese asubuhi na mangaribi. Kukaa ni kazi mbaya. Hakuna anajua kukaa vizuri kama minyi, lakini ni mbaya.

Macho ikifunga, ninaona njia. Ndola, Lusaka, miji yenye sijafika, na mu kila mji nyumba ni za matafari, na bantu banatoka kunisalimia. Kisha mulima inashuka polepole na maji inaanza. Haimaliziki. Mambo ya Kisale bibi yangu anasemaka kila siku: samaki, matete, visiwa vya majani vyenye kutembea na bantu juu yake. Pale Malawi atanyamaza. Ile kunyamaza njo ninataka.

Siku ya posho, tarehe 23 mwezi wa 8

Mistari imerudi. Pa kidole gumba, midogo kama nywele za mutoto muchanga. Nilionyesha kila muntu pa soko. Hata benye hawakuuliza.

Nililala muchana. Mu ndoto nyumba ilikuwa inaelea pa maji, tulikuwa tunaenda bila kutembea.

Kazi tano, tarehe 29 mwezi wa 8

Kasongo, muchuruzi wa jirani, anajenga duka. Alipita na bantu wake ba kazi.

"Vié, muzee, mikono yako sasa ni ya bibi arusi. Hawa banapiga mia ine kwa siku."

Nilichukua kibao cha mumoja wao. Nilipiga mia tano. Bote baliona.

Siku ya posho, tarehe 30 mwezi wa 8

Mia sita. Mikono inauma vizuri.

Kazi ine, tarehe 4 mwezi wa 9. Lubumbashi

Nyekundu. Yote kumi.

Mama wa masini aliangalia mikono yangu, akaangalia bibi yangu. Akanipa tarehe ingine, mwezi wa kumi. Mama Ngoie alijua tayari. Yeye njo alifua shimizi yangu ya kazi, yenye udongo.

Pa inje nikasema masini yao ni mbovu. Tukatembea. Nikasema: ni minyi.

"Lete sakado," akasema.

Kazi tano, tarehe 5 mwezi wa 9

Alipanda gari ya Kasumbalesa, pa mpaka. Sakado ni kubwa kupita mugongo wake. Alinipa chupa ya mafuta kupitia dirisha. Ile ziwa ni minyi nilitaka kumuonyesha. Sasa ataiona na bantu benye sijui.

Siku ya Mungu, tarehe 14 mwezi wa 9

Kamina. Ukungu asubuhi. Mama Ngoie alipiga simu kisha misa. Alipita Zambia, siku ine mu magari. Amefika Malawi. Chumba iko pembeni ya maji kabisa.

Nikauliza ni kubwa namna gani.

Hajaiona, anaisikia tu, akasema. Maji inapumua usiku kucha. Alifika mu giza, na dirisha ya upande wa maji hajafungua. Anapitia mulango wa nyuma, anaangalia chini.

"Kuonyesha ni kazi yako, Baba Ngoie."

Kwa Kasongo banapiga matafari. Ninasikia kibao: pa, pa. Nimepakaa mafuta. Nimekaa.