Magazeti ya Kutandikia Vifaranga

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini hukutulea tuingie na maneno kabla ya salamu, kwa hiyo naanzia hapo. Ni mimi Minza, kitinda mimba wako. Nimekaa kwenye benchi lako la ukutani hapa Mkolani, na nakuandikia kwa sababu wiki hii nimefanya jambo ambalo ungekuwepo ungelisimulia Buhongwa nzima kabla jua halijakolea.

Kwanza nikueleze hali ya mama, maana ndiyo chanzo cha yote. Tangu tulipokuzika mwaka jana kule Misungwi, mama hajafuga tena. Kuku waliokuwepo aliwagawa kwa watu waliokuja kutoa pole. Mtu akiaga, anaondoka na kuku kwapani. Banda likabaki tupu, na mama mwenyewe akawa kama amehama humu ndani bila kubeba mzigo. Hasemi anaumwa, hasemi ana njaa. Ukimuuliza anajibu, "Nipo tu." Baba, mama unamjua. Huyu alikuwa anabishana hata na redio. Mama wa "nipo tu" mimi simjui, na ananitisha.

Kaka Masanja naye, kwa mapenzi yake, akaamua. Alipiga simu kutoka Dodoma akasema mwisho wa mwezi anakuja na gari kumchukua. Banda libomolewe, pale pajengwe vyumba vya kupangisha. Mama akamjibu, "Sawa, mwanangu," basi, bila hata kuuliza Dodoma kuna maji ya namna gani. Nilitoka nikaenda kulia jikoni. Sikumkasirikia kaka. Niliogopa kwamba mama atakaa kwenye sofa la watu, ametazama runinga asiyoisikiliza, na atazimika taratibu huku sisi tukisema anapumzika.

Siku ile jikoni ndipo nilipoanza kuzikumbuka Jumamosi zetu. Ulikuwa unafunga kijiwe chako cha kutengeneza baiskeli, unarudi na grisi mpaka viwikoni, na kwenye keria ya baiskeli umefunga bunda la magazeti makuukuu. Mwenye duka jirani yako alikuwa akiyanunua kwa ajili ya kufungia maandazi na sukari, na yaliyobaki akikuachia. Mengine yalikuwa na umri wa miaka. Haikukusumbua. Habari za wakubwa ulizipita hivi hivi, ukasema, "Hawa wameshajibizana wakamaliza." Ulikwenda moja kwa moja kurasa za ndani, kwenye dondoo za nyumbani, ufugaji wa kuku, maajabu ya dunia, na vichekesho vya pembeni ambavyo ulikuwa unavicheka kabla hujavimaliza, sisi tukabaki tunakusubiri.

Na sheria ya nyumba ilikuwa moja. Vifaranga wapya wakija, mama anamwaga maranda chini, anaweka chungu cha mkaa katikati, halafu juu ya maranda anatandika magazeti ili wale wadogo wasije wakadonoa vumbi la mbao wakidhani ni chakula. Lakini hakuna ukurasa uliokwenda chini ya kifaranga kabla haujasomwa. "Haiwezekani kuku wajue mambo ambayo mke wangu hayajui," ulikuwa ukisema. Basi wewe umekalia ndoo iliyogeuzwa, unasoma kwa sauti ya mahubiri, mama ameinama na mkono ameunyoosha, anasubiri umpe karatasi. Mama kusoma anajua, polepole, lakini kwako alikuwa anajifanya hajui kabisa. Nadhani hata wewe ulijua hilo.

Unaikumbuka ile ya vitunguu? Ulisoma kwamba mtu akimenya vitunguu aume njiti ya kiberiti, machozi hayatatoka. Kesho yake mama yuko jikoni na njiti yake katikati ya meno, mara babu huyo mlangoni, baba yako mzazi, ametoka Misungwi bila taarifa. Mkwe kaingia, mama akapiga magoti papo hapo kama inavyotakiwa, kisu mkononi, njiti mdomoni, kwa hofu akasahau kuitoa. Ikatoka shikamoo ambayo haijapata kusikika. Babu aliitikia vizuri tu, halafu akakuita pembeni akakuuliza, "Huyu binti wa watu anaumwa meno, mbona humpeleki hospitali?" Ulijibu kwamba ni mambo ya gazeti. Babu akasema basi gazeti hilo lipelekwe hospitali.

Lakini ile ya mtetea mweusi ndiyo iliyonifanya nicheke peke yangu jikoni, na machozi bado yako mashavuni. Ulikuwa unasoma habari ya kuku anayegoma kutaga. Umefika pazuri, "mfugaji usikate tamaa, fanya hivi," na ukurasa umeishia hapo, mwenye duka alishachana kipande cha chini akafungia andazi la mtu. Ukachukua karatasi iliyofuata, ukaendelea bila hata kumeza mate: paka mafuta ya nazi kichwani jioni, funga kitambaa mpaka asubuhi, matokeo utayaona mwenyewe.

"Kichwani?" mama akauliza.

"Gazeti limesema kichwani, Mama Masanja. Mimi nasoma tu."

Asubuhi mtetea akatoka bandani na kilemba cha kipande cha kanga, anang'aa mafuta mpaka shingoni, jogoo anamkimbia. Jirani yetu Mama Kulwa alichungulia juu ya ua akauliza kama huyo kuku anakwenda misa ya kwanza au ya pili. Ndipo ulipokwenda kuigeuza ile karatasi ya pili ukakuta picha ya mwanamke anachana nywele. Ilikuwa dawa ya akinamama ambao nywele zao zinakatika. Ulicheka ukakaa chini kwenye mavumbi na suruali yako ya kanisani. Mama hakucheka. Siku chache baadaye yule mtetea akataga, mama akaja na yai kwenye kiganja, akakuwekea mbele ya chai yako. "Cheka sasa," akakwambia.

Kwa hiyo, Baba, Jumatatu nilifunga cherehani yangu kule Butimba mapema, nikaenda mjini kwa wakala, nikanunua boksi la vifaranga chotara. Sikumuuliza mama. Niliogopa atasema "sawa, mwanangu" na mimi ile sawa siitaki tena.

Vifaranga walipatikana siku hiyo hiyo. Kazi ilikuwa magazeti. Nilizunguka maduka, hakuna. Dada mmoja muuza duka alinitazama akasema, "Siku hizi habari zote ziko kwenye simu. Labda uwatandikie simu." Maandazi yanafungwa kwenye mifuko, nyama nayo vivyo hivyo. Mwisho nilimpata mama mmoja wa vitumbua karibu na ninaposhonea, ana bunda alilorithi kwa shangazi yake, manjano kama ukoko wa ugali wa muhogo. Aliponiuliza ya nini nikamwambia ni ya vifaranga, akanipa nusu, akauliza, siku hizi vifaranga wanasoma? Nikamwambia kwetu wanasomewa.

Niliingia nyumbani na boksi linalia, pii pii pii. Mama alikuwa amekaa hapa hapa nilipo. Nikaenda bandani, nikafagia, nikamwaga maranda, nikawasha mkaa kwenye chungu. Nikachukua gazeti la kwanza nitandike, nikasikia nyuma yangu, "Minza." Nikageuka, amesimama mlangoni, ameshika kiuno.

"Unatandika tu hivyo?"

Nikakaa kwenye ndoo. Baba, sauti yangu si kama yako, nilisoma kama mtoto anayesomeshwa mbele ya mkaguzi. Nilimsomea namna ya kuzuia chumvi isigande, kwamba utie punje za mchele. Akaitikia hiyo anaijua, endelea. Nikamsomea kichekesho cha mlevi na fundi saa. Akasema baba yako angekiharibu hicho, angecheka katikati. Ikaja safu ya maajabu. Nikasoma kwamba pweza ana mioyo mitatu.

"Mitatu?" akauliza.

"Mitatu, mama."

Akaitazama ile karatasi. "Basi huyo akifiwa ana kazi," akasema.

Halafu akalia. Siku ya mazishi hakulia, Baba, sote tuliona na tuliogopa kulisema. Alilia amesimama palepale mlangoni mwa banda, kanga mdomoni, na mimi nikamshika, na vifaranga boksini wanapiga kelele za njaa. Alipomaliza akajifuta, akaniambia nimeweka mkaa mwingi mno, nataka kuwachoma watoto wa watu. Akachutama akaanza kupunguza. Nimekukumbuka mno saa ile, Baba. Nilitamani uwe kwenye ile ndoo badala yangu, unacheka kabla ya kichekesho kuisha.

Usiku huo nilimsikia ameamka kwenda kuwatazama, akanirudia akanung'unika kwamba mmoja miguu yake haimpendezi. Maji ya glukosi aliwachanganyia mwenyewe. Chanjo ameniambia nisije nikasahau, na amenisema kwa kununua chotara badala ya kienyeji. Amenisema mpaka nikafurahi.

Jana jioni Masanja akampigia kupanga safari. Mimi nilikuwa nje nafua. Nilimsikia mama anaongea kwa haraka, kama mtu aliyeacha kitu jikoni, halafu akakata, akapita mbele yangu na kopo la chakula, akaelekea bandani. Muda mfupi simu yangu ikaita.

"Minza," kaka akaniambia, sauti ameishusha, "nimezungumza na mama. Amesema hawezi kuja huku, ana watoto wadogo. Mama amechanganyikiwa?"

Nikamtazama mama kupitia wavu wa banda. Amechutama, anawahesabu, anawagombeza, hana habari na sisi.

"Hapana, kaka," nikamwambia. "Mama amerudi."

Pumzika, Baba, huko ulipo. Huku nyumbani kuna kelele tena.

Ni mimi, kitinda mimba wako,
Minza